Kumfundisha Mtoto na Kushinda Mechi: Somo kwa Walimu wa Softboli

Loresho ni kilima kilicho upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, kati ya barabara ya Waiyaki Way na ile ya Lower Kabete. Upande huu wa mji zamani ulikuwa na mashamba ya kahawa. Leo kilima chenyewe ni mtaa wa nyumba zenye bustani na nyua ndefu. Lakini karibu nacho kiko kijiji cha Kibagare, na kando ya barabara kuu iko Kangemi, ambako nyumba zimesongamana na watoto ni wengi kuliko viwanja. Mwalimu anayewakusanya watoto wa sehemu hizi siku ya Jumamosi asubuhi huwaona mbele yake mtoto aliyeletwa kwa motokaa akiwa na glavu mpya, na mtoto aliyepanda kilima kwa miguu akiwa na viatu vya shule. Wote wawili wametaka kucheza. Na wote wawili, pamoja na wazazi wao na mwalimu mwenyewe, wametaka kushinda.

Hapo ndipo mashaka huanza. Kwa maana kumfundisha mtoto mchezo ni kazi ya miaka, na kushinda mechi ni kazi ya saa moja na nusu. Njia iliyo fupi ya kufikia jambo la pili aghalabu huliharibu lile la kwanza. Somo hili lahusu namna mwalimu anavyoweza kuyashika yote mawili bila kumdhulumu mtoto.

Softboli ni ndugu mdogo wa besiboli. Ilizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1887, ikichezwa ndani ya jumba kwa sababu ya baridi, na jina ililo nalo sasa ilipewa mwaka 1926. Wanawake waliicheza katika Michezo ya Olimpiki kuanzia 1996 mpaka 2008, kisha tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Nchini Kenya hufundishwa shuleni, na mtoto aliyewahi kucheza raunda huielewa upesi. Mrushaji huurusha mpira mkono ukitokea chini, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia akipita vituo vitatu mpaka arudi nyumbani na kupata bao. Walio uwanjani kuuzuia mpira ni tisa. Mpigaji akikosa mipira mitatu mizuri hutolewa. Akirushiwa minne mibaya hupewa kituo cha kwanza bure. Wakitolewa watatu, pande hubadilishana. Wasichana wa Nairobi wanao mwanzo mwema katika mchezo huu, kwa kuwa wengi wao wamekua wakicheza kati, na mtoto wa kati hujua kurusha kwa shabaha na kukwepa kabla hajafundishwa na mtu yeyote.

Sasa tazama jinsi mwalimu mwenye haraka ya kushinda anavyoweza kuutumia mchezo huu vibaya. Kuna hila tatu, nazo zote zaruhusiwa na sheria.

Hila ya kwanza ni ya gongo. Mtoto wa miaka tisa au kumi anayerusha mpira hawezi kwa kawaida kuuweka mahali panapotakiwa mara tatu kabla hajakosea mara nne. Mwalimu mwerevu hulijua hilo, basi huwaambia wapigaji wake wasipunge gongo hata kidogo. Wasimame tu kama nguzo. Mmoja baada ya mwingine hupewa kituo cha bure, vituo hujaa, na mabao huingia bila mpira kupigwa. Timu itashinda mabao kumi na matano kwa mawili, wazazi watashangilia, na hapana mtoto hata mmoja aliyejifunza kupiga. Baada ya miaka mitatu watoto hao hao watakutana na mrushaji wa miaka kumi na tatu ambaye mipira yake haikosei, nao watasimama vilevile kama nguzo, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Hapo mwalimu wa kwanza hayupo tena kuona matunda ya kazi yake.

Hila ya pili ni ya kukimbia. Mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, akiwa mdogo, huuacha mpira mara kwa mara ukapita. Kila upitapo, aliye kituoni aweza kusonga mbele. Mwalimu anayetaka mabao huwaamuru watoto wake wakimbie kila mrusho, nao hufika nyumbani bila taabu. Ni kweli kukimbia kwa wakati ufaao ni sehemu ya mchezo na yafaa kufundishwa. Lakini hapa mtoto hafundishwi kuutambua wakati ufaao. Afundishwa tu kwamba upande wa pili una mtoto mdogo anayetetemeka. Walimu wa pande mbili wanaweza kukubaliana kabla ya mechi kwamba chini ya umri fulani hapana kusonga mbele mpaka mpira upigwe. Mapatano hayo huchukua dakika mbili na huiponya mechi nzima.

Hila ya tatu ndiyo iliyo mbaya zaidi, nayo ni ya kumficha mtoto. Katika softboli ya watoto mpira hufika mara chache upande wa kulia wa nyuma ya uwanja, kwa sababu wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea kushoto. Basi mtoto dhaifu huwekwa huko. Huwekwa huko Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo, na muhula mzima. Husimama katika nyasi akitazama ndege. Siku mpira unapomfikia hatimaye, haujui. Humpita, na watu humpigia kelele. Mwalimu husema, "Nilijua." Lakini ni nani aliyemnyima mtoto huyo nafasi ya kujua?

Hesabu ndogo itasaidia. Timu ina wasichana kumi na watano, na mechi ni ya zamu tano, kwa kuwa jua huzama karibu saa kumi na mbili u nusu na walianza wamechelewa. Nafasi za uwanjani ni tisa. Tisa mara tano ni arobaini na tano. Ukizigawa kwa kumi na watano, kila msichana apata zamu tatu kamili. Mwalimu anayewachezesha tisa wake walio bora tangu mwanzo mpaka mwisho amewapa wao zamu tano kila mmoja, na sita wengine amewapa benchi. Kwa muhula wenye mechi nane, wale sita wamesimama zamu arobaini kando ya uwanja. Asishangae muhula wa pili wakija wasichana tisa tu, na wa tatu saba, naye asiweze tena kuunda timu.

Chama kikubwa cha michezo ya watoto cha Marekani, kiitwacho Little League, ambacho kiliingiza softboli mwaka 1974, hakikuliacha jambo hili katika hiari ya mwalimu. Katika ligi zake za kawaida kila mtoto hana budi kukaa uwanjani mpaka wapinzani sita wametolewa, yaani zamu mbili, na kupiga angalau mara moja. Hicho ni kima cha chini, wala si karama. Nchini Norway wamekwenda mbali zaidi: kwa mujibu wa kanuni za michezo ya watoto, ambazo mwanzo wake ni 1987, majedwali ya washindi hayawekwi mpaka mwaka mtoto anapotimia umri wa miaka kumi na mmoja. Mtu aweza kudhani kwamba watoto waliolelewa hivyo watakuwa wazembe. Katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2018 nchi hiyo, yenye watu kama milioni tano, ilipata medali 39, nyingi kuliko nchi yoyote.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Mashariki mwa Nairobi, katika mtaa wa Mathare, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo ya vijana kinachojulikana kwa herufi zake MYSA, kwa juhudi za Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa wenyewe. Mchezo wao ni mpira wa miguu, lakini somo ni lile lile. Watoto wa chama hicho walizoa takataka na kuzibua mitaro, na timu iliyomaliza kazi hiyo ilipewa pointi sita katika ligi, nyingi kuliko za kushinda mechi. Msomaji atauliza: je, timu inayohesabu takataka pamoja na mabao yaweza kushindana na watu wazima? Mathare United, timu iliyoundwa kutokana na vijana hao mwaka 1994, ilitwaa Kombe la Dhahabu la Moi mwaka 1998 na tena 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Waliojenga wachezaji ndio walioshinda, ijapokuwa iliwachukua miaka zaidi ya kumi. Mwalimu wa Loresho anayetaka kombe kabla ya Desemba ataona muda huo ni mrefu. Ni mrefu kweli.

Nchi ya Uganda nayo ina habari inayofaa kusomwa na kila mfundishaji. Mwaka 2011 timu ya besiboli ya wavulana kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake huko Kutno, Poland, ikapata haki ya kwenda Marekani katika Mashindano ya Dunia ya Little League. Hapana timu ya Afrika iliyowahi kufika hapo. Lakini ubalozi wa Marekani uliwanyima hati za kusafiria kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za umri wao, na nafasi yao ikapewa wengine. Katika nchi zetu vizazi vingi havikuandikishwa siku ile ile mtoto alipozaliwa, na mzazi aliyeandika tarehe kwa kukisia si mwizi. Hata hivyo wapo watu wazima wanaobadili umri wa mtoto kwa makusudi ili ashindane na walio wadogo. Anayelipa ni mtoto. Januari 2012 timu ya watoto wa Langley, Kanada, ambayo ingekutana na Waganda katika mashindano yale, ilifunga safari mpaka Uganda ili mechi ile ichezwe. Agosti mwaka huo watoto wa Lugazi, karatasi zao zikiwa sawa, walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Na mwaka 2015 watoto wa Mpigi waliishinda timu ya Jamhuri ya Dominika. Ushindi ule ulipokuja ulikuwa safi, na hapana aliyeutilia shaka.

Umri una jambo jingine ndani yake. Wasichana wawili wenye miaka kumi na miwili waweza kupitana kimo kwa kichwa kizima. Aliyetangulia kukua huurusha mpira kwa nguvu, na mwalimu humwona kuwa ndiye mwenye kipaji. Pengine anacho, pengine ana urefu tu. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kanada, Roger Barnsley, alionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafu waliofika juu walizaliwa kwa wingi katika miezi ya kwanza ya mwaka: walipokuwa wadogo walikuwa wakubwa kidogo kuliko wenzao wa darasa, wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi, na tofauti ndogo ikawa kubwa. Waliozaliwa Novemba waliachwa. Basi mwalimu anayewachagua tisa wake katika umri wa miaka kumi na kuwaacha wengine, kwa kweli achagua siku za kuzaliwa.

Tena yule msichana mrefu huchoshwa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa softboli hurushwa mkono ukitokea chini, bega halidhuriki, na mrushaji mmoja aweza kurusha mechi tatu kwa siku moja. Si kweli. Bega na sehemu ya mbele ya mkono huumia, na mifupa ya mtoto anayekua haijakomaa. Mwalimu na awe na warushaji watatu au wanne. Mmoja arushe zamu mbili, wa pili mbili, wa tatu moja. Wiki ijayo wabadilishane. Watapoteza baadhi ya mechi kwa sababu hiyo. Mtoto akisema mkono wauma, asiulizwe mara mbili. Kadhalika umbali na uzito wa mpira vifuate umri: wasichana wakubwa hurusha kwa futi 43 mpira ambao mzingo wake ni inchi 12, lakini huko Marekani walio chini ya miaka kumi hurusha kwa futi 35, na mpira wao ni wa inchi 11. Kumpa mdogo kipimo cha mkubwa ni kumfundisha kurusha vibaya.

Je, kushinda ni jambo baya? La. Watoto huhesabu mabao hata mwalimu asipohesabu, na mwalimu anayewaambia kwamba matokeo si kitu hupoteza imani yao, kwa maana wanamwona usoni. Timu inayoshindwa ishirini kwa sifuri kila Jumamosi nayo haijifunzi kitu illa aibu. Kutaka kushinda ndiko kunakomfanya msichana achelewe kurudi nyumbani ili adake mipira kumi zaidi. Shauri ni kiasi, na kiasi hubadilika kwa umri. Chini ya miaka kumi, kila mtoto acheze kila mahali, na kupiga kufuate orodha ya watoto wote, hata kumi na watano, walimu wa pande zote wakipatana. Kati ya kumi na mmoja na kumi na watatu, mtoto apewe mahali pawili au patatu pa kupafahamu vizuri, na zamu zake zisipungue mbili. Kuanzia kumi na minne, anayejitahidi mazoezini aweza kucheza zaidi ya asiyejitahidi, mradi jambo hilo liwe limetangazwa.

Kutangaza ndiko kiini. Chukua mfano wa mechi ya mwisho wa muhula: mabao ni sawa, zamu ni ya tano, yuko mtu katika kituo cha tatu, na anayefuata kupiga ni msichana ambaye muhula mzima ameupiga mpira mara mbili tu. Benchini ameketi mwingine anayepiga vizuri. Sheria yaruhusu kubadilisha. Watu wote wanamtazama mwalimu. Ikiwa mwanzo wa muhula aliwaambia watoto na wazazi kwamba kila mtu atapiga kwa zamu yake, basi msichana na apige, na akikosa mwalimu ampokee kama anavyowapokea wengine. Ikiwa aliwaambia kwamba katika mechi ya mwisho watacheza walio tayari zaidi, na abadilishe, wala asiombe radhi. Lisilofaa ni kuahidi la kwanza na kutenda la pili, kwa maana watoto kumi na watano watakuwa wamesikia ahadi na kuona thamani yake.

Wazazi nao waitwe mapema, kabla ya mechi ya kwanza, waelezwe mambo matatu tu: kila mtoto atacheza kiasi gani, nani atarusha, na kwamba anayetoa amri uwanjani ni mwalimu peke yake. Mzazi aliyenunua glavu na gongo hudhani wakati mwingine kwamba amenunua na nafasi. Mwambie kwa adabu kwamba sivyo, na umwambie mbele ya wengine, ili yule mama wa Kangemi ambaye hakuweza kununua kitu asikie pia.

Mazoezi yenyewe ndiyo yanayofuta ugomvi mwingi, kwa sababu timu iliyofundika yote haina mtu wa kufichwa. Kosa la kawaida ni foleni. Watoto kumi na watano husimama mstari mmoja wakingoja kupiga. Kila mmoja hupata dakika nne, na katika saa nzima amesimama dakika hamsini na sita. Wagawe makundi matano ya watatu watatu: hili larusha, hili ladaka mipira inayobingiria, hili lapiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, hili lakimbia vituo, hili ladaka ya juu. Kila dakika kumi wahame. Mipira ikiwa haba, mipira ya matambara yatosha kwa makundi mawili. Ile ya mifuko ya plastiki iliyokuwa kila mahali imeadimika tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017.

Mwalimu awe na daftari. Upande mmoja aandike matokeo, na upande wa pili aandike kwa kila jina: zamu alizocheza, mahali alipocheza, mara alizopunga gongo, mipira aliyodaka. Mwisho wa mwezi alisome. Akikuta jina lililo na upande wa kulia wa nyuma mara sita mfululizo, anajua la kufanya Jumamosi inayofuata.

Kuhusu mvua: kuanzia Machi mpaka Mei udongo mwekundu wa Loresho hushika viatu, na mpira uliolowa huteleza mkononi. Siku hizo warushaji wasirushe kwa nguvu; wafanye mazoezi ya shabaha chini ya paa, hatua kumi kutoka ukutani. Na ambapo glavu hazitoshi, kila upande unapotoka uwanjani uziache chini mahali ulipokuwa umesimama, upande mwingine uzivae. Mwenye mkono wa kushoto atafutiwe yake mapema, kwa kuwa hiyo haiazimiki kwa jirani.